Ijumaa baada ya Isha: tuwashe makala ipi barzani?

Tulianza mwezi wa Juni. Ligi za Ulaya zimefungwa, mechi hakuna, na watu wameshazoea kukaa. Ami yangu ana duka hapa Wete, Pemba, lina barza ndefu mbele yake na ukuta mweupe ng'ambo ya njia. Kijana mmoja wa mtaani hukodisha projekta kwenye maharusi, na Ijumaa asiyokuwa na kazi hutuletea kwa bei ya chai. Ndivyo tulivyoingia kwenye makala za michezo, yaani filamu za mambo ya kweli, na ndivyo nilivyoangukiwa na kazi nisiyoiomba: kila Alkhamisi jioni lazima mtu anisimamishe njiani aniulize, "Kesho tunaangalia nini?"

Nimeshachagua vizuri na nimeshachagua vibaya. Kuna usiku watu waliondoka saa sita wakiwa bado wanabishana, na kuna usiku saa tatu barza ilikuwa tupu, nimebaki mimi, projekta na paka. Kwa wenye barza zao, iwe Chake, Mkoani au Unguja, naandika niliyoyaona, nikizilinganisha zile tulizoangalia wenyewe.

Kipimo changu kikubwa kimoja tu: je, inasimamika? Yaani mtu akipiga kelele "Hebu simamisha hapo!", mkabishana robo saa, kahawa ikazunguka, halafu mkabonyeza iendelee, uzi uwe haujakatika na hamu iwe haijaisha. Filamu isiyosimamika ni ya kuangalia chumbani kwako na visikilizio masikioni. Ziko nzuri sana za namna hiyo, lakini barza si chumba.

Kinshasa na Chicago

Mbili ninazoulizwa sana ni When We Were Kings na The Last Dance, na huwezi kupata mbili zilizo mbali zaidi.

Ya kwanza ni filamu moja ya saa moja na nusu hivi. Leon Gast alipiga picha zake mwaka 1974 Kinshasa, Muhammad Ali alipokwenda kupigana na George Foreman, lakini pesa na kesi zikamchelewesha hadi 1996 ndipo ikatoka. Miaka 22. Mwaka uliofuata ikapata Oscar, na Foreman ndiye aliyemshika mkono Ali, tayari mgonjwa, kumpandisha jukwaani. Ya pili ni sizoni ya sehemu 10, iliyotoka Aprili na Mei 2020 wakati dunia imefungiwa ndani kwa korona, inayosimulia msimu wa mwisho wa Michael Jordan na timu ya mpira wa kikapu ya Chicago Bulls, ule wa 1997 hadi 1998 waliochukua ubingwa wa sita.

Kwa utengenezaji, ya Chicago imeizidi ya Kinshasa kwa mbali. Picha ni safi, muziki umepangwa, na kila sehemu inaishia mahali ambapo huwezi kulala bila kujua kinachofuata. Na hapo ndipo penye tabu yake barzani. Imetengenezwa ikuvute, haikutengenezwa ikungoje. Ukiisimamisha, vijana wanalalamika. Usipoisimamisha, wazee wanapotea, kwa sababu hadithi inaruka: uko 1998, mara uko 1984, mara uko chuoni, mara umerudi. Mzee mmoja aliniuliza sehemu ya tatu, "Huyu kijana na yule mwenye upara ni ndugu?" Nilimwambia ni mtu mmoja, ni Jordan yule yule. Akasema, "Basi mngesema mapema."

Na sehemu 10 ni Ijumaa ngapi? Tukiangalia mbili kila usiku ni wiki tano. Barza haina mahudhurio. Huyu kaenda Unguja kwa boti, yule kafiwa, huyu yuko shambani kwa msimu wa karafuu, na kila anayerudi lazima asimuliwe yaliyopita na watu watatu kwa mpigo, kila mmoja na yake.

Ila nisiidhulumu. Usiku mzuri kuliko wote tuliopata na sizoni hiyo ulitokana na jambo ambalo wala haikukusudia kulizungumza. Adui wa hadithi nzima ni Jerry Krause, meneja aliyeijenga ile timu na anayeonyeshwa kuwa ndiye aliyeibomoa. Jordan anamcheka kwa kimo chake na unene wake, na picha za zamani zinamwonyesha akichekwa. Kijana wetu anayetafsiri akataja kwamba Krause alifariki mwaka 2017, kabla sizoni haijatoka. Ami akanyanyua mkono. "Simamisha." Akauliza, "Huyu marehemu kajibu wapi?" Hakujibu popote, zipo kanda zake za zamani tu. Akauliza tena, "Na mwenye kusema ni nani?" Hapo ikabidi ielezwe kwamba kampuni ya Jordan mwenyewe ilikuwa na mkono katika kuitayarisha. Na Scottie Pippen, aliyecheza pembeni yake miaka yote hiyo, alikuja kutoa kitabu mwaka 2021 akilalamika kwamba wenziwe wamefanywa mapambo.

Barza ikageuka mahakama. Upande mmoja ukasema aliyeshinda mara sita ana haki ya kusimulia ushindi wake. Upande wa pili ukasema kesi ya marehemu haisikilizwi kwa mdomo wa mlalamikaji. Hatukuiwasha tena usiku ule.

Sasa Kinshasa. Ile filamu ni kama imekatwa kwa ajili ya barza, ingawa aliyeikata hakuijua Wete. Mwisho wake kila mtu anaujua: raundi ya nane, Foreman chini. Kwa hiyo hakuna anayeogopa kupitwa. Kinachobaki ni kuangalia *vipi*, na "vipi" ndiyo chakula cha barza. Ali alikuwa na miaka 32. Foreman alikuwa na 25, mapambano 40 na hajapoteza hata moja, na alikuwa ameshawaangusha Joe Frazier na Ken Norton, waliowahi kumshinda Ali, kila mmoja ndani ya raundi mbili. Filamu inakukalisha katika hofu hiyo kwa muda mrefu. Halafu Ali anakwenda kuegemea kamba na kuachia apigwe.

Hapo tulisimamisha mara nne. Je, alipanga au alilazimika? Fundi wetu mmoja wa mashua alisimama katikati ya taa ya projekta, kivuli chake kimejaa ukutani juu ya Ali, akatuonyesha kwa mikono yake jinsi kamba iliyolegea inavyomeza nguvu ya kinachoipiga. Alikuwa anaeleza tanga kwa upepo, si ndondi, lakini kila mtu alielewa.

Mzee wa kahawa alikuwa na lake. Pambano lile lilipigwa saa 10 alfajiri kwa saa za Kinshasa, ili Wamarekani waone usiku wao. Kwetu hiyo ni saa 12 asubuhi. Anakumbuka, anasema, watu wametoka kuswali alfajiri na kuzunguka redio moja, na habari ilipofika hawakuamini mpaka iliporudiwa. Halafu akaongeza kitu ambacho hakimo kwenye filamu: mwaka 1980 Ali alikuja Dar es Salaam, katumwa na Rais Carter kuzishawishi nchi za Afrika zisiende Olimpiki ya Moscow, na Nyerere akakataa kuonana naye. Mjadala ukahama kutoka ulingoni hadi Ikulu, na filamu ikasubiri kwa adabu ukutani.

Watoto nao walipata chao. Umati wa Kinshasa unaimba "Ali, boma ye!" Wakaanza kuuliza ni boma gani, la Wajerumani au la Waarabu. Ni Kilingala: muue. Tangu siku hiyo mpira wa chandimu hapa kwetu hauchezwi bila mtu kupigiwa "boma ye".

Ina kasoro na nitaisema. Wanaoeleza mengi ni waandishi wa Marekani, Norman Mailer na George Plimpton, wameketi kitako miaka mingi baadaye. Wakongo wanaonekana kuliko wanavyosikika. Wanacheza, wanakimbia na Ali, wanashangilia, lakini hakuna mwenyeji anayekaa chini akaulizwa: Rais Mobutu alipotoa dola milioni 5 kwa kila bondia, wewe ulilala umekula nini? Ukiwa na barza inayopenda siasa, na ipi isiyopenda, swali hilo litaulizwa na ukuta hautajibu.

Kwa usiku mmoja, Kinshasa. Kwa mtu na nduguye wawili nyumbani wakati wa masika, Chicago.

Wanaofungwa

Kuna kundi la pili, makala za timu zinazopoteza, na hapa nilikosea mwanzoni. Nilidhani watu wetu hawatataka kuangalia watu wakifungwa. Kumbe shabiki wa mpira wa nchi hii amekomaa katika jambo hilo kuliko jingine lolote.

Sunderland 'Til I Die ilitoka Desemba 2018. Waliotengeneza walikwenda kupiga picha timu iliyoshuka kutoka Ligi Kuu ya Uingereza, wakitumaini kuonyesha jinsi itakavyopanda, na msimu ule wa 2017 hadi 2018 ikashuka tena daraja. Sizoni ya pili inamalizikia Wembley 2019, ambako Charlton wanawafunga 2-1 kwa bao la dakika za nyongeza. Sehemu ya kwanza kabisa inaanza kanisani, padri anaiombea timu. Barza ilicheka, halafu ikanyamaza, maana kila mmoja alikumbuka dua alizowahi kuziomba kabla ya mechi ya Simba na Yanga.

Uzuri wake ni kwamba wachezaji si kitu sana. Utawajua wapishi wa klabu, dereva wa teksi, mzee mwenye kiti chake kile kile uwanjani. Bwana mmoja hapa, shabiki wa Yanga, alimwangalia yule dereva akieleza kwa nini hawezi kuacha kwenda, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ni mimi, ila kwao kuna baridi."

Lakini kabla hujaiwasha hadharani, jua mambo mawili. La kwanza ni matusi. Ni mengi, ya kila aina, na yanasemwa kama salamu. The Last Dance nayo inayo, hadi Marekani ilirushwa pia kwa toleo lililosafishwa. Barza yetu iko karibu na msikiti na kinamama wanaangalia kutoka dirishani, basi mtafsiri wetu alijifunza kusema "amekasirika kidogo" kwa kila sentensi. La pili ni lafudhi. Mtafsiri huyo ana Kiingereza kizuri, kafaulu vizuri skuli, lakini watu wa kaskazini mwa Uingereza walimshinda. Dakika ya ishirini alisema, "Jamani, hapa nasoma maandishi tu kama nyinyi."

Na hapa tugusie jambo la kutafsiri kwa jumla. Tulizoea filamu za akina Lufufu, mtu mmoja anakusimulia filamu nzima kwa Kiswahili, anawapa wahusika majina mapya na kuongeza chumvi. Kwa filamu ya mapigano inafaa. Kwa makala ni hatari, kwa sababu neno la mtu ndilo ushahidi wake. Kijana wetu tulimwekea sharti: aseme aliyosema mtu, na akitaka kusema lake anyanyue mkono kwanza. Ananyanyua mara nyingi.

Next Goal Wins, ile ya makala ya mwaka 2014 na si ya maigizo iliyokuja baadaye, ndiyo iliyotugusa kuliko nilivyotarajia. Ni timu ya taifa ya American Samoa, visiwa vidogo katikati ya Pasifiki, iliyofungwa na Australia 31-0 Aprili 2001. Sikukosea kuandika: thelathini na moja. Kipa wa siku ile, Nicky Salapu, yumo, na bado anaota. Anakuja kocha Mholanzi, Thomas Rongen, na mwaka 2011 wanaifunga Tonga 2-1. Mmoja wa walinzi wao, Jaiyah Saelua, ni fa'afafine, watu ambao mila za Samoa zinawatambua kama jinsia ya tatu. Maswali yatakuwepo, basi afadhali anayeongoza ajue mapema namna ya kuyapokea kwa heshima. Kwetu yalichukua dakika chache, kisha watu wakarudi kwenye mpira.

Kilichowasha moto ni kitu kingine. American Samoa ni mwanachama wa FIFA, shirikisho la mpira la dunia. Watu wachache, uwanja mmoja, mabao 31, na wanacheza kuwania Kombe la Dunia. Zanzibar, waliochukua Kombe la Chalenji la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, 1995, na mwaka 2017 wakafika fainali pale Machakos, wakatoka 2-2 na Kenya, wakapoteza kwa penalti, hawamo. Mwaka huo huo wa 2017, mwezi Machi, CAF, shirikisho la Afrika, ilitupokea kuwa mwanachama kamili, na Julai ikatutoa ikisema ilikosea, hatuwezi kuwa wawili ndani ya nchi moja. Miezi minne. Kuna mtu alikuwa ameshanunua bendera.

Usiku huo filamu ilisimama dakika arubaini nzima, projekta ikapata moto, ikabidi tuizime ipoe. Mwalimu mmoja alieleza Muungano, mwengine akaeleza Scotland na Wales, wenye timu zao ndani ya Uingereza moja, wa tatu akasema Scotland na Wales walitangulia kuwapo kabla ya FIFA yenyewe kuzaliwa. Hakuna aliyeshinda. Lakini tulipowasha tena, na Samoa wakafunga la kwanza, watu wazima waliruka kutoka barzani kama wako uwanja wa Gombani.

Kwa hiyo ukiniuliza Sunderland au Samoa: kwa vijana watupu, wenye muda, Sunderland. Kwa barza ya wote, Samoa, tena ni filamu moja inayomalizika usiku mmoja.

Nilizoziweka kando

Zile sizoni za klabu kubwa, kamera chumba cha kubadilishia nguo, kocha anachora ubaoni, nazipitia haraka kwa sababu hata barza ilizipitia haraka. Klabu yenyewe imefungua mlango, basi utaonyeshwa chumba kilichofagiliwa. Ile ya Arsenal ya msimu wa 2021 hadi 2022 ina dakika moja ya thamani: kocha Mikel Arteta anaweka maspika makubwa mazoezini na kupiga wimbo wa mashabiki wa Liverpool, ili vijana wazoee kelele za Anfield, uwanja wa Liverpool. Wakaenda, wakafungwa 4-0. Mashabiki wa Manchester hapa kwetu waliiomba irudiwe mara tatu.

Ya Eliud Kipchoge ya 2021, kuhusu Vienna alikokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, kila mtu aliipenda na hakuna aliyebishana. Walikaa kimya, wakasema mashaallah, wakaenda kulala saa nne. Kwa usiku wa familia, wenye watoto na bibi, hiyo ndiyo ningechagua kabla ya zote. Kwa barza, tamu mno.

Ya kwetu wenyewe

Kuna moja ambayo nailinganisha na zote zilizotangulia kwa sababu haihitaji mtafsiri. Zanzibar Soccer Queens, ya mwaka 2007, ya mtengenezaji filamu kutoka Kameruni, Florence Ayisi. Inawafuata wasichana wa timu ya Women Fighters hapa Zanzibar, wanaocheza mpira na kurudi nyumbani kwa baba, mume, jirani na maneno ya watu. Kwa picha, haiwezi kushindana na Chicago. Kwa umaarufu, haifiki popote karibu na Kinshasa, na kuipata kunataka kuuliza-uliza. Mwaka 2016 ikafuatiwa na Zanzibar Soccer Dreams.

Tofauti niliiona dirishani. Kwa zile nyingine, kinamama huangalia dakika kumi na kurudi kwenye mambo yao. Usiku huu dirisha lilijaa na mlango ukafunguka, wakatoka na viti. Kwa mara ya kwanza aliyesema "simamisha" hakuwa mwanamme. Bi mmoja, mwalimu mstaafu, alitaka irudishwe pale wanapoulizwa wanaume kama wangewaruhusu binti zao kucheza. Ikarudishwa. Akageuka, akawauliza wanaume wa barza swali lile lile, mmoja mmoja, akianzia kwa ami.

Ami alisema anatafuta miwani yake.

Kabla hujamwita mtu wa projekta

Bando ndilo linaloua usiku. Video ya ubora wa kawaida kwa saa moja hula karibu GB 1, na ukiiweka kwenye HD inaweza kufika GB 3. The Last Dance yote kwa HD ni GB ishirini na ushei. Hesabu mwenyewe vocha. Tulikatikiwa katikati ya sehemu ya pili, mtoto akatumwa dukani, duka lenyewe ni la ami na ami yuko barzani, ikawa mzunguko. Siku hizi napakua mapema kwenye tableti, mchana.

Spika ni muhimu kuliko picha. Ukuta wenye madoa watu watauvumilia, lakini sauti ikikwaruza hawakai. Na mweke anayebonyeza awe mtu mmoja tu, asiwe na timu.

Ijumaa hii nimepanga Kinshasa kwa mara ya pili, kwa sababu kuna wageni kutoka Micheweni na fundi wa mashua ameshasema anakuja na kamba yake.